Kioo kipya cha Shangazi: gumzo la kikundi cha familia

Shangazi Zuhura: Wanangu hamjambo? Kompyuta mpya imefika, picha zinang'aa kweli. Lakini programu yangu ya hesabu vitufe vyake vimekuwa kama punje za ufuta. Ile ya ankara inasomeka, ila herufi zina ukungu. Ni macho yangu au kompyuta?

Salma: Shikamoo shangazi. Macho yako mazima, nami yalinikuta.

Mjomba Athumani: Dada, shusha tu rezolusheni, ile idadi ya nukta za kioo, iwe 1920 kwa 1080. Kila kitu kitakuwa kikubwa.

Idi: Shikamooni wote. Mjomba, kwa heshima, hiyo tuiache kwanza. Shangazi, kioo ni inchi ngapi? Na rezolusheni yake?

Shangazi Zuhura: Marahaba. Inchi 15.6. Hapa naona 3840 kwa 2160.

Idi: Hapo ndipo penyewe. Kila inchi ya kioo chako ina pikseli, yaani hizo nukta, karibu 282. Programu nyingi za zamani za Windows ziliandikwa kwa kudhani inchi moja ni pikseli 96. Kitufe cha pikseli 96 kilichokusudiwa kuwa na upana wa inchi nzima, kwako ni theluthi tu ya inchi.

Mjomba Athumani: Sasa kushusha kuna ubaya gani?

Idi: Kioo kina pikseli milioni 8.3, ukishusha unabaki na milioni 2 na kidogo. Kivinjari, barua pepe, picha, vyote vinavyoonekana vizuri sasa vitapoteza ule ukali wa herufi. Tutakuwa tumeziharibu programu nzima nzima kwa ajili ya mbili zenye hitilafu. Rezolusheni ibaki ya kioo chenyewe, kinachorekebishwa ni ukuzaji, ile asilimia ambayo Windows huongeza ukubwa wa herufi na vitufe.

Idi: Shangazi, fungua Mipangilio, Mfumo, Onyesho. Asilimia ya ukuzaji inasomeka ngapi?

Shangazi Zuhura: 250, na pembeni wanasema ndiyo inayopendekezwa.

Idi: Iache hapo hapo. Sasa sikiliza, maana programu zako mbili zinaumwa magonjwa tofauti. Ya ankara haijui lolote kuhusu ukuzaji. Windows inaiacha ijichore kwa udogo wake, kisha inaivuta ile picha mara mbili na nusu. Ukungu unatoka kwenye huko kuvutwa. Ya hesabu imeiambia Windows "niachie, nitajikuza mwenyewe", halafu haijikuzi. Ndiyo maana imebaki ndogo.

Salma: Kumbe! Nilidhani ni tatizo moja.

Idi: Watu wengi hupotea hapo, wanatumia dawa moja kwa zote mbili. Shangazi, ifunge ya hesabu. Bofya ikoni yake kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, kisha Compatibility. Chini kuna kitufe kinachotaja DPI, yaani idadi ya nukta kwa inchi, kibonyeze. Kwenye dirisha linalofunguka weka tiki kwenye kisanduku cha chini kabisa, halafu kwenye orodha yake chukua chaguo la pili. Hapo unaiamuru Windows iikuze yenyewe, programu itake isitake.

Shangazi Zuhura: Ngoja.

Shangazi Zuhura: Imekua! Naona mpaka senti. Herufi hazijakolea sana lakini nasoma bila miwani.

Idi: Alhamdulillahi. Ya ankara fanya vivyo hivyo, ila chukua chaguo la tatu. Hilo lilikuja na toleo la Windows 10 la mwaka 2017. Badala ya kuvuta picha nzima, Windows inaziandika herufi upya kwa ukubwa unaotakiwa. Linafaa kwa programu zinazojichora kwa njia ya zamani ya Windows, iitwayo GDI. Usipoona tofauti, ondoa tiki.

Shangazi Zuhura: Herufi sasa kali kabisa. Nembo ya juu bado ina ukungu.

Idi: Nembo ni picha, hiyo haiandikwi upya.

Salma: Mimi nina programu moja iliyoandikwa kwa lugha ya Java. Niliweka hizo tiki kwenye ikoni, wapi!

Idi: Kwa sababu inayoendeshwa hasa ni faili ya Java, ikoni ni njia tu ya kuiita. Tiki iwekwe kwenye javaw.exe. Na kama ni Java 8, yenyewe haijui kujikuza kwenye Windows. Java 9 ndiyo iliyoanza. Waulize watengenezaji kama inakubali toleo jipya.

Mjomba Athumani: Na nikichomeka kioo cha pili, kile cha kawaida? Nikiburuta dirisha kwenda huko, herufi zinaharibika.

Idi: Tangu Windows 8.1 kila kioo kinaweza kuwa na asilimia yake, mjomba. Lakini programu nyingi huuliza asilimia mara moja tu, zinapoanza, na zinashika ya kioo kikuu. Kifanye kikuu kile unachofanyia kazi zaidi, kisha toka kwenye akaunti yako na uingie tena. Kuzima kioo na kuwasha hakutoshi.

Mjomba Athumani: Nimetoka, nimeingia. Kioo kikubwa kimekaa sawa, dirisha la laptopu ndilo lenye ukungu sasa.

Idi: Ndivyo itakavyokuwa mpaka waliotengeneza hiyo programu waifundishe kuuliza kila inapohamishwa. Waandikie mjomba, wataje kioo na asilimia zote mbili. Ni kazi yao, na inawezekana.

Shangazi Zuhura: Nami nawaandikia wa hesabu leo hii. Idi, niandalie hayo maneno ya DPI niyanakili.