Nozeli kubwa au ndogo kwenye biti ya shimo la kupinda?

Nyakato_Visima: Wakuu, wakubwa shikamooni. Nachoronga visima vya maji hapa Mwanza, kompresa na nyundo kwenye granaiti. Nimeitwa usaili wa mashimo ya kupinda, ya gesi. Nasikia kile kifaa cha kuelekeza biti (kichwa kinachokata mwamba) hakitaki nozeli kubwa, yale matundu ya biti yanapotokea tope la kuchorongea linalosukumwa na pampu. Kwa nini? Jamaa yangu anasema weka kubwa tu, pampu ipumue.

Mzee_Kirumba: Marahaba kijana. Huyo jamaa atakufukuzisha kazi. Kifaa kina pedi tatu ubavuni, juu kidogo ya biti. Valvu inazipa tope kwa zamu: pedi ikifika upande uliochaguliwa inasukuma ukuta, biti inaelekea upande wa pili. Nguvu ya pedi ni tofauti ya presha ya ndani ya bomba na ya nje. Umewahi kumwagilia mchicha kwa mpira? Ukibana mdomo kwa dole gumba, mpira unakakamaa mkononi. Nozeli ndiyo dole gumba.

Hesabu ya presha inayoliwa na nozeli: uzito wa tope (paundi kwa galoni) mara mtiririko (galoni kwa dakika) kipeo cha pili, gawanya kwa 10,858 mara eneo la nozeli zote (inchi za mraba) kipeo cha pili. Tope 10, galoni 500, nozeli sita. Namba 14 (yaani 14/32 ya inchi) unapata psi (paundi kwa inchi ya mraba) 283 tu. Namba 12, 524. Namba 11, kama 743. Niliofanya nao kazi walitaka 500 hadi 750, ila kitabu cha kifaa chenyewe ndicho bosi. Vingine vinasukuma pedi kwa mafuta yake vyenyewe, hivyo havina shida hii.

Kuna mahali waliweka kubwa kuihurumia pampu. Shimo likagoma kupinda, tukavuta bomba lote juu. Usiku, mvua.

Igoma_Pampu: Mzee, ndogo nazo zinakula presha. Shimo likirefuka pampu inafika kikomo.

Mzee_Kirumba: Kweli kabisa, ndiyo maana unapigia hesabu ya mwisho wa shimo, si ya mwanzo. Ukilazimika kushusha galoni 500 hadi 450, ile 743 inabaki 602. Punguzo la kumi kwa mia kwenye mtiririko linakula karibu ishirini kwenye presha.

Nyakato_Visima: Dole gumba nimelielewa, hiyo kipeo cha pili naenda kuirudia. Usaili ni Alhamisi, nitaleta mrejesho.