Uzi wa bawasiri (mgoro): watu wa Mtwara na Lindi, tupeane uzoefu bila kuoneana aibu

Fundi Cherehani, Masasi (mleta mada)

Ndugu zangu, nilikaa na ugonjwa huu miaka minne. Mke wangu mwenyewe alijua mwaka wa tatu, siku alipokuwa anafua akakuta damu kwenye nguo yangu ya ndani. Nimeamua kuleta mada baada ya kijana mmoja kuja kushonesha suruali wiki iliyopita. Nilimvutia kiti, akasema atasimama tu. Nikamtazama anavyohamisha uzito mguu huu na mguu ule, nikajua. Nilimwuliza kwa sauti ya chini, macho yakamjaa machozi. Miaka ishirini na mbili, hajamwambia mtu.

Yangu ilianza na damu mbichi nyekundu, inadondoka nikimaliza haja, wala haiumi. Baadaye kinyama kikaanza kuchungulia nikijikamua, kisha kinarudi chenyewe. Mwaka uliofuata hakirudi mpaka nikisukume kwa kidole. Muda wote huo nilikuwa nafanya ya kuambiwa. Nimejipaka ute wa shubiri, ukapooza muwasho kidogo, damu ikaendelea. Nimekunywa mizizi ya kuchemsha ambayo hata jina sikuambiwa. Kibaya kuliko vyote ni kitunguu saumu. Niliambiwa nimenye punje mbili nipachike usiku. Jamani, msifanye. Ile ngozi ya ndani ni laini kama ya ndani ya mdomo, na kitunguu kibichi kinaunguza. Siku tatu sikukaa kwenye cherehani.

Hatimaye nilikwenda hospitali kubwa Mtwara mjini. Daktari alinieleza kitu ambacho ningekijua mapema nisingehangaika hivyo. Bawasiri ya ndani ina hatua nne. Ya kwanza inatoa damu tu, nyama haitoki. Ya pili nyama inatoka na kurudi yenyewe. Ya tatu mpaka uirudishe kwa mkono. Ya nne imekaa nje, hairudi. Mimi nilikuwa ya tatu, na yeye akaona inafaa kufungwa mpira: wanavuta kile kinyama, wanakivisha kipira kidogo shingoni, damu haifiki tena, kinanyauka na kudondoka. Sikuchomwa hata ganzi, kwa sababu sehemu ya juu kule ndani haina hisia ya maumivu kama ngozi ya nje. Nilisikia uzito, kama haja inanijia na haitoki, siku mbili. Siku ya sita kikadondoka na damu kidogo. Nilirudi kufungwa kingine baada ya wiki kadhaa. Mwaka wa pili huu sijaona tone.

Naomba kila mmoja aseme yake: ilianzaje, umetumia nini, ikawaje. Wauza dawa za inbox tupisheni.

Mama Watatu, Lindi mjini

Asante kaka. Mimi ilinitokea mimba ya pili, mwezi wa nane. Mtoto anakandamiza mishipa huko chini, na vidonge vya kuongeza damu tunavyopewa kliniki vikafanya choo kiwe kigumu kama jiwe. Nilitaka kuviacha. Nesi akanikataza, akasema damu yangu iko chini, dawa ni kurekebisha choo, siyo kuacha vidonge. Basi nikawa nakula papai asubuhi, mlenda mchana, maji chupa kubwa mbili kwa siku. Jioni najaza beseni maji ya vuguvugu, nakalia dakika kumi na tano. Maji matupu, sikuweka chumvi wala dettol. Nikitoka hapo naona dunia imerudi. Mwezi mmoja na nusu baada ya kujifungua kinyama kilikuwa kimenywea.

Kaka umeongelea shubiri. Dada zangu wajawazito, ile ya kupaka ni kitu kingine, lakini yale maji ya njano yanayotoka kwenye ganda la jani yanaharisha vikali. Msinywe.

Mbanguaji

Nabangua korosho, tunakaa kwenye vigoda tangu asubuhi hadi jioni. Kwenye kundi letu tuko wanne wenye tatizo hili, na tumejuana mwaka huu tu. Sina la kuongeza, nawasoma.

Mtu wa Newala

Sababu ya kwetu ni maji, semeni mtakavyosema. Uwanda wa Makonde hauna mito juu, visima ni virefu, kiangazi ndoo ya maji inanunuliwa na inagawanywa: ya kupikia, ya kuoga mtoto, ya kunawa. Ya kunywa mtu mzima anajibana. Nimekua nikiona mama anakunywa kikombe kimoja mchana kutwa, jua lile, yuko kwenye mikorosho anaokota. Choo kitaachaje kuwa kigumu? Kisha tumeacha dona, nyumba nzima inakula sembe nyeupe. Nilipobadili, nikarudisha dona, mbaazi na kunde, na kujilazimisha maji hata kama ni ya kununua, damu ilikatika ndani ya wiki tatu hivi. Nilikuwa hatua ya kwanza, hilo naomba lieleweke. Mwenye nyama imening'inia nje asisome hapa akadhani mbaazi zitairudisha.

Dereva wa Kusini

Yangu ilikuwa ya nje. Natoka Dar na mzigo, nafika Nangurukuru nikashuka kujinyoosha, nikahisi kama nimekalia punje ya mahindi. Usiku ikawa uvimbe wa rangi ya zambarau, mgumu, maumivu siyo ya kusimulia. Niliendesha hadi Lindi nimekalia nusu makalio. Tabibu akasema damu imeganda kwenye mshipa wa nje. Akaniambia: umewahi, siku tatu za kwanza tunaweza kukata na kutoa lile donge kwa ganzi, maumivu yanapungua papo hapo, ukipita hapo mara nyingi ni bora kuacha, linanywea lenyewe kwa wiki moja mbili, ukisaidiwa na dawa za maumivu na maji ya vuguvugu. Alikata. Nililala usingizi usiku ule ule. Utingo wangu yalimpata hayo hayo mwaka juzi, aliona aibu akakaa siku nane. Lilinywea kweli, lakini zile siku nane alilia.

Kilichobaki ni kigozi kidogo, hakinisumbui.

Mkulima, Nachingwea

Naandika hili kwa uchungu. Mimi nilienda kwa mtu anayejiita bingwa wa mgoro. Alinipaka unga mweusi, akasema utang'oa mzizi. Ulichoma kama moto siku tano, nyama ikaoza na kudondoka, nikashangilia, nikampa hela ya korosho ya mnada wa kwanza. Kidonda kilipopona kovu likaziba njia. Choo kikawa kinatoka chembamba kama kalamu, kila siku ni kujikamua upya. Mjomba wangu ndiye aliyenikuta nimekaa chooni karibu saa nzima, akanishika mkono akaniambia, "Mwanangu, kesho tunapanda gari." Ilibidi nipasuliwe kupanuliwa njia. Siwachukii waganga, bibi yangu mzaa mama alikuwa anajua miti na amesaidia wengi. Lakini dawa ya kuchoma sehemu ile, ikimbieni.

Tabibu wa Zahanati, Ruangwa

Nimesoma yote, naomba niweke machache.

Kila binadamu ana vile vifuko vya mishipa ya damu kwenye njia ya haja, vinasaidia kuzuia haja isivuje. Ugonjwa ni pale vinapovimba na kushuka. Kwa hiyo hakuna "mzizi" wa kung'oa. Unapunguza msukumo: choo laini, kutojikamua, kutokaa chooni na simu. Mtu mzima anahitaji gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku, na mboga zetu, kisamvu, mlenda, choroko, zinatosha kabisa ukila kila siku na kunywa maji. Krimu za dukani zinapunguza muwasho na uvimbe, haziponyi, na zile zenye steroidi zisizidi wiki moja, zinadhoofisha ngozi.

Hatua ya kwanza na ya pili wengi wanapata nafuu kwa chakula. Ikishindikana kuna kuchomwa sindano ya kusinyaza mishipa au kufungwa mpira. Ya tatu, mpira au upasuaji. Ya nne kwa kawaida ni upasuaji. Ukishafungwa mpira, ukapata homa, maumivu yanayozidi au mkojo kukataa kutoka, usingoje asubuhi, rudi hospitali.

Na si kila damu ni bawasiri. Damu iliyochanganyika na choo, choo cheusi, kukonda, choo kubadilika wiki nyingi bila sababu, au umri umepita miaka 45, usijitibu. Uangaliwe.

Binti wa Mikindani

Tabibu, ningekuwa nimesoma maneno yako ya mwisho miaka mitatu iliyopita! Baba yangu alitokwa na damu karibu mwaka. Nyumbani tulisema ni mgoro, babu naye alikuwa nao. Tukamchemshia mizizi. Alipoanza kukonda tukasema ni mawazo. Alipochunguzwa, ilikuwa saratani ya puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, na daktari alisema uvimbe ule ungefikiwa kwa kidole siku ya kwanza kabisa. Alipelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani Dar, akachomwa mionzi, akawekewa mfuko wa choo tumboni. Alikuwa mtu wa kuswali safu ya mbele, mfuko ule ulimfanya asitoke nyumbani. Hatunaye tena. Dakika mbili za kupimwa ndizo tulizomnyima.

Mwalimu, Tandahimba

Pole sana mwanangu. Mungu amrehemu baba.

Mimi ni wa hatua ya nne, nilipasuliwa, na nataka wanaoogopa upasuaji wajue ukweli wote. Nilichomwa ganzi ya mgongo, sikusikia chochote. Usiku ule mkojo uligoma, wakaniwekea mpira wa mkojo hadi asubuhi. Haja ya kwanza ilikuja siku ya tatu, na hiyo ndiyo mtihani. Nilikuwa nimepewa dawa ya maji ya kulainisha choo tangu siku ya upasuaji, na nilimeza dawa ya maumivu nusu saa kabla. Hata hivyo nilishika ukuta. Ya pili ikawa nafuu, ya tano nikaizoea. Beseni mara tatu kwa siku. Kidonda wanakiacha wazi, hakishonwi chote, kwa hiyo usishtuke kuona majimaji. Siku ya tisa damu ilitoka kidogo, nilikuwa nimeambiwa mapema kwamba inaweza kutokea. Wiki ya tatu nikarudi darasani, lakini kufundisha kwa kusimama. Kupona kabisa ilichukua kama mwezi na nusu. Ni miaka sita sasa, haijarudi. Kati ya njia zote ndiyo yenye maumivu zaidi na ndiyo ambayo ugonjwa hurudi kwa nadra zaidi.

Nenda likizo ya Desemba ikianza, usiende katikati ya muhula kama nilivyofanya.

Mgeni

Mimi ndiye yule wa suruali. Fundi alinitumia uzi huu. Naomba kuuliza, wanapimaje? Ni kuvua nguo zote?

Tabibu wa Zahanati, Ruangwa

Hapana kijana wangu. Unashusha suruali hadi magotini, unalala ubavu wa kushoto, unakunja magoti kuelekea kifuani, unafunikwa shuka. Tunavaa glavu, tunapaka jeli, kidole kimoja, halafu kijibomba kifupi chenye mwanga ili kuona ndani. Tunakuambia uvute pumzi. Dakika mbili tatu. Una haki ya kuomba akuhudumie mwanaume mwenzio, na ya kuingia na mtu wako.

Fundi Cherehani, Masasi (mleta mada)

Jumatatu nafungua duka saa sita. Saa moja na nusu asubuhi nakusubiri stendi.