Kanga ya Bibi Imeingia Darasani

Kikundi: FAMILIA YA MJI WA KALE 🌴
Jumamosi

Mama Nuru, 08:14
Asalaam aleikum ukoo. Leo darasa letu la nyumbani liko barazani. Mwenye ndara kuukuu asizitupe, tunazitaka kwa hisabati.

Khaloo Rukia, 08:16
Waaleikum salaam. Ndara na hisabati wapi na wapi 😂

Mama Nuru, 08:19
Bibi ameagiza kanga. Wajukuu wamesema hainunuliwi, watapiga chapa wenyewe. Nimewakatia marekani sentimita 150 kwa 110, nimepimia hii niliyojifunga. Ndara ni za kuchonga maua ya pindo, viazi ni vya herufi za jina, yale maneno ya kanga.

Khaloo Rukia, 08:20
Mmekifua kwanza hicho kitambaa? Marekani mpya ina wanga, rangi haitashika.

Mama Nuru, 08:20
Hatujakifua.

Khaloo Rukia, 08:21
Kifueni, mkianike, ndiyo mwanze. Fundi cherehani nipo hapa hamniulizi, mwauliza YouTube.

Mjomba Faraj, 08:33
Waaleikum salaam. Leo ni Jumamosi, watoto wa wenzenu wamepumzika baada ya kusoma wiki nzima. Wenu wiki nzima wamefanya nini? Nauliza tu.

Mama Nuru, 08:36
Shikamoo mjomba. Juzi tulikuwa Biashara Street kwenye maduka ya kanga, tumeingia duka hadi duka. Nuru ananakili majina ya kanga, Hamisi anapima mapindo kwa futikamba. Muuzaji mmoja alidhani ni watu wa kodi.

Salim (Köln), 08:38
🤣🤣🤣

Mama Nuru, 08:41
Pale kwa Mali ya Abdulla wameona kampuni imeanza 1887. Hamisi akapiga hesabu kwenye kidaftari, akanambia duka lina miaka mingi kuliko reli. Sikumfundisha. Reli ilianza kujengwa 1896, aliisoma alipokuwa na wazimu wa treni.

Mjomba Faraj, 08:44
Marahaba. Kutembea madukani ni matembezi. Mimi mwalimu nimestaafu na KCPE ya mwisho ya 2023, ule mtihani wa darasa la nane, najua mtoto aliyesoma na mtoto aliyezurura.

Salim (Köln), 08:47
Huku Ujerumani hamngefika hata Biashara Street. Shule ni lazima, kusomesha nyumbani hakuruhusiwi. Barua ingeshaingia mlangoni.

Mjomba Faraj, 08:52
Na hapa si mchezo. Katiba, Ibara ya 53, elimu ya msingi ni haki ya mtoto, bure na ya lazima. Na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yamtaka mzazi ampeleke mtoto shule. Sikuitunga mimi.

Baba Nuru, 09:05
Ami, niko zamu bandarini, naandika mbiombio. Hilo tulikaa nalo sana kabla hatujaanza. Kila kazi yao ina tarehe na picha, iko kwenye faili. Nuru akifika umri atafanya mtihani wa kimataifa kama mtahiniwa wa kujitegemea. Na unakumbuka Hamisi alivyokuwa. Saa kumi na moja alfajiri yuko barabarani angoja gari, magharibi ndiyo arudi, analala na tonge mkononi.

Mjomba Faraj, 09:08
Faili si cheti.

Baba Nuru, 09:08
Kweli.

Shangazi Mwanaisha (Dar), 09:20
Jamani mie nataka kuona kanga, hizo sheria mtamalizana nyie kwa nyie.

Rukia kwa Bibi, 09:31
Bibi yuko hapa kwangu, asema niandike neno kwa neno: "Pindo liwe jeusi na jekundu. Mjini, pale katikati, nataka korosho. Jina msiniandikie maneno ya kadi ya siku ya kuzaliwa."

Mama Nuru, 11:47
Haya, kitambaa kimekauka. Tumekwama. Hamisi alichonga ua la sentimita 12 kwa sababu ndara ya babake ni pana. Amelipanga upande mrefu, yameingia 12 na kubakia nusu ua. Upande mfupi umebakisha kipande kama ukucha. Amekasirika, asema kitambaa kimekatwa vibaya.

Shangazi Mwanaisha (Dar), 11:50
KKS hiyo! Kigawo kikubwa cha shirika cha 150 na 110. Tulichapwa nayo shule ya msingi hadi tukaijua. Jibu 10.

Mama Nuru, 11:51
Shangaziii, ulikuwa umwache aitafute 😩

Shangazi Mwanaisha (Dar), 11:51
Nafuta ujumbe. Hajaona?

Mama Nuru, 11:52
Hajaona, yuko chini na rula.

Mama Nuru, 12:09
Ameipata. Alianza na 5, yameingia pande zote mbili, lakini akaona atachonga na kupiga chapa mpaka Idi. Akaenda 10. Sasa 15 kwa urefu, 11 kwa upana. Anakata ndara ya pili. Babake arudi na viatu vingine.

Mjomba Faraj, 12:12
Muulize kabla hajatia rangi: maua mangapi yatazunguka pindo lote? Asihesabu kwa kidole.

Mama Nuru, 12:15
Asema 52. 15 mara mbili, 11 mara mbili, jumlisha.

Mjomba Faraj, 12:15
Muache apige chapa.

Salim (Köln), 12:16
Mjomba ametega mtego huyo.

Mama Nuru, 13:02
Pindo limezunguka. 48. Ameyahesabu, ameyahesabu tena, amemshtaki dadake kwa wizi wa maua manne.

Mjomba Faraj, 13:03
Mpe simu.

Mama Nuru, 13:21
Wamezungumza kama mawaziri. Kisha Hamisi akaenda pembeni mwa kitambaa, akaweka kidole kwenye ua la pembe, akasema "hili nililihesabu mara mbili, kwa huku na kwa huku." Pembe nne, maua manne. Sasa anapita nyumbani anahesabu vigae vya ukingo wa kila chumba, anatoa nne.

Khaloo Rukia, 13:22
Na Nuru je? Mbona kimya.

Mama Nuru, 13:25
Nuru yuko na jina. Amejiwekea sharti la mizani 8, kama kipande kimoja cha mshororo wa shairi. La kwanza: BIBI TAA YA NYUMBANI.

Mjomba Faraj, 13:27
Bi-bi-ta-a-ya-nyu-mba-ni. Nane. Sawa.

Rukia kwa Bibi, 13:34
"Taa? Na umeme huu unaokatika kila jioni? Mwataka niitwe Bibi Giza? La. Kanga isiyo na fumbo ni shuka."

Salim (Köln), 13:35
Nimecheka kwenye treni, wazungu wananitazama.

Shangazi Mwanaisha (Dar), 13:37
Bibi ana haki. Mimi kanga yangu ya kwanza niliinunua kwa ajili ya jirani tu, nikawa naianika upande wake.

Mama Nuru, 13:40
Shangazi, mtoto ana miaka 11 na anasoma hapa pembeni yangu.

Shangazi Mwanaisha (Dar), 13:40
Ndiyo masomo yenyewe.

Mama Nuru, 14:18
La pili limekuja. WASEMAO WATACHOKA. Nimemuuliza wasemao nani, ameangalia juu.

Khaloo Rukia, 14:19
Uwiiii 🔥🔥

Salim (Köln), 14:19
@Mjomba Faraj unaitwa huku

Mjomba Faraj, 14:24
Nimeona. Wa-se-ma-o wa-ta-cho-ka. Nane kamili. Kijembe hicho nimekipokea, lakini mizani imekaa sawa na siwezi kumkata alama.

Rukia kwa Bibi, 14:26
Bibi anacheka hadi miwani imeanguka. Asema: "Hilo hilo. Msilibadilishe hata herufi. Na mumwambie, mamangu alikuwa na kanga zenye majina kwa herufi za Kiarabu, za kilatini zimekuja baadaye. Aje nimfundishe kuliandika na hivyo."

Mama Nuru, 15:10
Madrasa ni saa kumi kwa hiyo tuna haraka. Balaa jipya. Nuru amechonga herufi kwenye viazi kama anavyoziandika, amezijaribu kwenye gazeti, zimetoka kinyume. Angalieni hiyo S 📷

Baba Nuru, 15:13
Hiyo ni 2 yenye homa.

Mjomba Faraj, 15:15
Zote zimeharibika?

Mama Nuru, 15:17
Hapana, ndiyo ajabu yake. W, A, M, O, T na H zimetoka sawasawa. Zilizopinduka ni S, E, C na K.

Mjomba Faraj, 15:18
Asichonge upya. Mwambie achukue kiazi cha E, akizungushe nusu duara, kichwa kiwe miguu, apige.

Mama Nuru, 15:22
Imetoka E! Na C. Na K. S imekataa. Kila akiizungusha ni ile ile ya kinyume.

Mjomba Faraj, 15:26
Muulize kwa nini. Simwambii.

Mama Nuru, 15:48
Kachukua kioo cha kabati. Asema zile za kwanza ukizikata kwa wima nusu mbili zafanana, kwa hiyo kioo hakizidhuru. E, C na K zafanana juu na chini, ndiyo maana ukizipindua zarudi. S haina nusu zinazotazamana kwa upande wowote, kwa hiyo lazima ichongwe upya kwa kinyume. Amemaliza akasema "S ni kaidi kama mjomba."

Mjomba Faraj, 15:50
Hilo la mwisho lisiingie kwenye faili.

Mjomba Faraj, 15:53
Ulinganifu huo nilikuwa nafundisha ubaoni kwa pembetatu na mraba. Kuna waliomaliza darasa hawajauona. Sisemi nimekubali mambo yenu. Watoto hawa wana maabara? Wana wa kushindana nao? Darasani mwanafunzi hujifunza hata kushindwa mbele za watu.

Mama Nuru, 15:58
Maabara hatuna, na sayansi ndipo tunapochechemea, siwezi kudanganya. Kemia ya jikoni ina mwisho wake. Wenzao wako madrasa na wako mpirani. Kushindwa mbele za watu, mjomba, watu wote wa kikundi hiki wamemuona Hamisi leo na 52 yake.

Mjomba Faraj, 16:01
Nitakuja Jumatatu baada ya adhuhuri. Nakuja na sumaku, betri na balbu. Si kwamba nimekubali.

Khaloo Rukia, 16:02
Hajakubali 😌

Mama Nuru, 18:20
📷📷📷
Imekwisha. Pindo jeusi na jekundu, korosho mbili mjini, moja nene na moja nyembamba kwa sababu mafundi ni wawili. Jina limepanda kidogo upande wa kulia.

Khaloo Rukia, 18:22
Ikikauka kabisa ipigwe pasi upande wa ndani ndiyo ifuliwe. Mkiharakisha rangi yote itaishia kwenye beseni.

Rukia kwa Bibi, 18:30
"Maashallah, Mungu awakuze. Imependeza. Lakini kanga huuzwa doti, na doti ni mbili. Nijifunge moja halafu nijitande nini? Nyengine iko wapi?"

Mama Nuru, 18:31
😳

Mama Nuru, 18:33
Hamisi hajaambiwa na mtu, ameshasema "maua 96."

Salim (Köln), 18:34
Na pembe nane, asizihesabu mara mbili.

Baba Nuru, 19:12
Nimefika nyumbani. Swali la hisabati. Nani amepiga chapa maua mekundu kwenye friji?

Mama Nuru, 19:13
Tima.

Baba Nuru, 19:13
Ana miaka minne, alifikaje juu vile?

Mama Nuru, 19:14
Alipanda kreti ya soda. Yametoka kwa mstari lakini, umeona?

Baba Nuru, 19:16
Nimeona. Hayatoki kwa sabuni.