Je, ni pori lililowapotosha Kayerts na Carlier?

Swali
Ndugu wasomaji, ninasoma na wanafunzi wangu wa kidato cha sita hadithi fupi ya Joseph Conrad ya mwaka 1897, An Outpost of Progress, ambamo Wazungu wawili, Kayerts na Carlier, wanaachwa katika kituo cha kampuni ya pembe za ndovu nchini Kongo, na mwishowe mmoja anampiga mwenzake risasi kisha anajinyonga. Karibu wanafunzi wote wameandika kwamba upweke wa pori ndio uliowapotosha. Jibu hilo linanikera, ila sijaweza kuwaeleza kasoro yake.

Jibu la 1
Mwalimu, waulize habari za Makola, Mwafrika anayefanya kazi nao kituoni. Anaishi pori lilo hilo, naye ni mgeni kwa kuwa ametoka Sierra Leone, lakini akili haimruki: anatunza daftari la hesabu, na usiku mmoja anawatoa wafanyakazi kumi wa kituo kwa watu wenye bunduki ili apate pembe. Wazungu wanalaani utumwa kwa maneno makali, kisha wanamsaidia kuzipima pembe hizo kwenye mizani, wakijifariji kwamba watu walikuwa wa kampuni, basi na pembe ni za kampuni. Hapo ndipo walipoharibika. Ugomvi wa sukari, vile vibonge kumi na vitano alivyovifungia Kayerts sandukuni kwa ajili ya ugonjwa, unakuja baadaye, wakati hakuna tena kilichobaki cha kuharibu.

Jibu la 2
Nakubali, lakini mwandishi naye asiachwe bila deni. Mwaka 1975 huko Amherst, Marekani, mwandishi wa Nigeria Chinua Achebe alimshutumu Conrad, kwa kitabu chake kingine cha Kongo, Heart of Darkness, kwamba ameigeuza Afrika kuwa jukwaa la kuporomokea akili ya Mzungu mmoja. Shutuma hiyo inaigusa hadithi hii pia. Makola anashikilia kwamba jina lake ni Henry Price, na msimulizi anaendelea tu kumwita Makola.

Jibu la 3
Niongeze jambo dogo. Conrad alifika Stanley Falls, Kisangani ya leo, mwaka 1890. Miaka mitatu kabla, Leopold, mfalme wa Ubelgiji aliyeitawala Kongo, alikuwa amemteua Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar, kuwa liwali wa hapo. Kiswahili kilikuwa kikisemwa, biashara ikiendeshwa, na watumwa wakipita. Ukimya wa pori tunaousoma ni wa msikilizaji asiyejua lugha.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Kesho tutaanzia kwenye mizani.