MJADALA: "Usiogope" ya 2020 ilikuwa imani, au tulikatazwa tu kusema tunaogopa?

Wapendwa, na ninyi msiosali pia, karibuni. Jambo hili tumelisema kwa minong'ono miaka yote hii, leo naomba tuliseme kwa sauti. Wahubiri wanatufundisha kwamba imani ndiyo dawa ya hofu. Mimi ni Mkristo na nakubali. Swali langu ni imani ipi, maana wakati wa korona niliziona mbili, na zote zilitumia Biblia moja.

Tukumbushane. Machi 2020 wenzetu Kenya walifunga makanisa na misikiti, sisi Tanzania tukaacha wazi. Rais Magufuli, akiwa kanisani Dodoma, alisema virusi haviwezi kukaa katika mwili wa Kristo, vitaungua. Aprili 17 hadi 19 tukawa na siku tatu za maombi ya taifa. Mapema Mei takwimu zikakoma kutolewa, zimeishia wagonjwa 509. Juni tukatangaziwa kwamba Mungu amesikia. Mimi nilifunga siku zote tatu, na sijutii hata moja.

Tena nasema wazi: kuacha milango ya kanisa wazi kulisaidia. Mama anayeuza vitumbua asubuhi ili watoto wale jioni, ukimfungia ndani na redio inayohesabu maiti wa Italia, unamuua kwa njia nyingine. Jumapili ilikuwa mahali pake pa kushusha pumzi. Wanaosema maombi yale yalikuwa ujinga mtupu hawakukaa naye benchi moja.

Ninapoachana na wenzangu ni kwenye Zaburi ya 91. Ilibandikwa milangoni, ikatumwa kwenye simu usiku na mchana: "Wala tauni haitaikaribia hema yako." Fungueni sasa Mathayo 4. Pale juu ya kinara cha hekalu, anayenukuu zaburi hiyohiyo ni Shetani. Jitupe chini, malaika watakuchukua. Yesu hakubisha kwamba Mungu hulinda watu wake. Alijibu, "Usimjaribu Bwana Mungu wako." Nimesikia mahubiri mengi sana juu ya Zaburi 91, na sikumbuki hata moja lililogusa jibu hilo.

Hata ule mstari wa Timotheo tuliuimba nusu. Mungu hakutupa roho ya woga, amina! Lakini Paulo anaendelea: "bali ya nguvu na ya upendo na ya moyo wa kiasi." Moyo wa kiasi ndio uliotuponyoka. Mapema 2021 mzee mmoja alikuja jumuiya amevaa barakoa. Akaulizwa mbele ya watu wote, "Baba, kwani humwamini Mungu?" Mzee akaivua polepole, akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati, sala ikaanza. Nilikuwa nimekaa viti viwili kutoka kwake na sikufungua mdomo. Linaniuma mpaka leo.

Miezi hiyohiyo maaskofu Katoliki walikuwa wameshaandika kuonya waumini wajikinge. Machi 2021 Padri Charles Kitima, katibu wa baraza lao, akasema katika miezi miwili wamezika mapadri zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60, akataja matatizo ya kupumua. Watu waliotoa maisha yao yote kwa Mungu. Nani atasimama aseme hao walipungukiwa imani?

Najua jibu litakalokuja: "Ukianza kuhesabu waliokufa unawavunja watu moyo." Ndugu yangu, soma Marko 14. Gethsemane, Yesu mwenyewe "akaanza kufadhaika sana na kuhangaika." Akawaambia rafiki zake, hakuwaficha. Kama Bwana aliruhusiwa kutetemeka mbele ya Petro, mimi nani anikataze kutetemeka mbele ya mchungaji wangu? Hofu isiyotamkwa haiondoki, inatafuta mlango mwingine. Februari 1, 2020 pale Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Sidhani walikosa imani wale. Nadhani kila mmoja alibeba hofu ambayo hakupewa nafasi ya kuisema.

Imani ya pili niliiona kwa jirani. Mume wake alikuwa amekaa kitandani, hawezi kulala chali, anavuta pumzi kama anayepanda mlima. Wanajumuiya wengi tulimwombea kwa simu. Dada mmoja, muuza mitumba, ndiye aliyekwenda. Alivaa barakoa aliyoshona mwenyewe kwa kipande cha kitenge, akafungua dirisha, akaweka kigoda karibu na mlango. Alikuja na chupa ya uji. Akasoma Zaburi ya 23, kitambaa kikiingia na kutoka mdomoni kwa pumzi yake: "nijapopita kati ya bonde la uvuli wa mauti, sitaogopa mabaya, kwa maana Wewe upo pamoja nami." Alipotoka nje nikamuuliza kama haogopi. Akasema, "Naogopa sana. Ila yeye anaogopa zaidi, na yuko peke yake." Kesho yake akarudi, na keshokutwa. Yule baba alifariki siku ya tano, lakini mkewe anasema usiku ule wa kwanza ndio aliopata usingizi.

Yohana hakuandika kwamba imani kubwa huitupa nje hofu. Aliandika "pendo lililo kamili huitupa nje hofu." Kwa hiyo nashikilia hivi, anayetaka anipinge: mhubiri anayekwambia usiogope bila kukusogelea hajakupa imani, amekupa amri. Na ninyi mnaosema dini ilitupumbaza tu, nielezeni ni nini kilimtoa yule dada nyumbani kwake siku tatu mfululizo.

Waliouguza mtu 2021, anzeni ninyi. Nani alikuja mlangoni kwenu, na alisema nini?