Jenereta chini ya dirisha langu halafu naambiwa NIKALALE NJE!!

Wakuu silali leo, nina hasira mpaka mikono inatetemeka. Mnaijua Njombe mwezi wa saba, ukitema mate yanafika chini yameshaganda. Umeme umekatika, sawa, hilo tumezoea. Sasa yule jirani, simtaji, mtaa mzima mnamjua, yule wa koti refu, katoa kijenereta chake cha kuchanganya petroli na oili kakiweka wapi? Barazani, chini ya dirisha la chumba ninacholala na mtoto mchanga! Ekzosi imeelekea kwenye nondo zangu, pindo la pazia jeupe limeshapiga weusi.

Nikatoka na blanketi begani, nikamwamkia vizuri tu, shikamoo kaka, naomba ukisogeze kule kwenye miparachichi moshi unaingia kwa mtoto. Mbele ya wapangaji wote ananijibu "kama moshi unakukera kalale nje." KALALE NJE! Njombe! Na kichanga mgongoni!

Ule moshi una kaboni monoksaidi jamani, haina rangi wala harufu, inashika damu oksijeni inakosa nafasi, kichwa kinauma, usingizi unakuja, mtu haamki tena. Ndo ile ile inayoua wanaolala na jiko la mkaa ndani. Na anawashia nini? Hita! Hita ya wati 2000 kwenye kajenereta ka wati 950, kanakohoa kanazima, anavuta kamba, kanakohoa kanazima, joto lenyewe hata yeye halipati. Halafu mimi ndo nikalale nje. Mtu mzima na mvi zake, kalale nje!!

MtotoWaMakete: Njombe nayo ni baridi? Huku kwetu asubuhi majani meupe kwa barafu. Dada umedeka.

FundiWaya: Pole dada. Ila huyo kaunganisha nyumba nzima bila chenji ova, ile swichi ya kuhamisha nyumba kutoka umeme wa nguzo kwenda jenereta? Kama hajazima meini swichi umeme wa jenereta unarudi kwenye laini, fundi yuko juu ya nguzo anajua umezimwa kumbe unamsubiri.

Mleta uzi: Fundi mimi nasema KALALE NJE wewe unaniletea meini swichi??

FundiWaya: Nasema kwa sababu wanakufa watu dada.

BodaMjini: Simu umechajia wapi, siyo kwenye hiyo hiyo jenereta? 😂😂

Mleta uzi: Pawabenki yangu! Nimenunua kwa hela yangu! Mtoto anakohoa hapa nyie mnacheka.

MamaK_Uyole: Mtoe mtoto kwenye hicho chumba mpeleke kwa jirani wa upande wa pili, usisubiri. Mimi wa kwangu jenereta yake safi, ila kuchaji simu anatutoza mia tano na anazima kabla haijajaa, bora hata huyo wako.

Mleta uzi: Bora?? Wako kakwambia ukalale nje?

MzeeWaMafinga: Mia tano nafuu. Huku muuza mkaa anapanga mapande mazuri juu ya gunia, ukifika katikati vumbi tupu. Msimu wa baridi wanatukomoa kweli.

MtotoWaMakete: Chukua mkaa wa miti ya miwati mzee, unakaa muda mrefu.

BodaMjini: Miwati wapi, siku hizi wanachanganya na wa msindano, unawaka dakika mbili umekwisha.

MamaK_Uyole: Wa miwati halisi ukiupata niambie na mimi, nachukua gunia mbili.

MzeeWaMafinga: Njoo inbox mama, kuna kijana analeta mpaka mlangoni.