Naomba ushauri: dogo anapewa kamisheni Monduli, sherehe ya Tanga tuifanyeje?

Habari wakuu. Mdogo wangu yuko TMA Monduli, chuo cha maafisa wa jeshi, mwaka huu wanamaliza, inshallah Amiri Jeshi Mkuu anawatunuku kamisheni na dogo anatoka Luteni Usu. Sasa huku Ngamiani tumeanza vikao na ndo vurugu zenyewe. Mama anataka maulidi na pilau basi, mashangazi wanataka baikoko, ile ngoma ya kukata viuno, usiku kucha (mbele ya maafisa wenzake jamani!), halafu kuna binamu kaona video za chuo cha wanamaji cha Annapolis kule Marekani, wale wanamaji wa mwaka wa kwanza wanavyoukwea mnara wa Herndon uliopakwa mafuta, futi 21, wanapandiana mabegani mpaka mmoja aweke kofia juu, eti na sisi tupake mnazi mafuta. Nimemwambia ile ni ya kumaliza mwaka wa kwanza, wanaohitimu wao wanarusha kofia hewani, hanisikii.

Ila kinachoninyima usingizi ni sare. Wamekubaliana vitambaa vya mabakamabaka ya kijeshi na hela imeshachangwa. Si raia haturuhusiwi kuvaa vinavyofanana na vya JWTZ? Nawaambiaje mashangazi bila kuonekana namwonea dogo wivu?

Waliowahi kumsherehekea afisa nyumbani, kwenye shughuli anavaa gwanda au kiraia? Wakubwa wake tunawaalika sisi au anapeleka kadi mwenyewe? Na tunaotoka Tanga kwenda kwenye kamisheni yenyewe tulale Arusha mjini au Monduli penyewe kuna gesti za bei poa? Nijibuni mapema, kikao kingine Jumapili.